Shazia ya Moto

Msomaji, weka mkono wako wa kulia ubavuni mwako, upande huo huo wa kulia, pale mbavu zinapokoma. Nyuma ya mbavu hizo limelala ini lako. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu, nalo ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyofichwa ndani ya mwili. Huchuja damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya sukari na kushindana na sumu. Na kazi zote hizo huzifanya bila kelele. Lugha yetu hulitwika ini huzuni za watu, kwani twasema kuwa habari mbaya hukata maini. Lakini ini lenyewe halijui maumivu. Ngozi nyembamba iliyolizunguka ndiyo yenye hisia. Nyama ya ndani haina. Uvimbe waweza kuota humo, ukanenepa hata ukawa kama chungwa, na mwenye ini asikome kulima.

Ndivyo mjomba wangu alivyokuwa hakomi kulima.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nilipita chuo cha ualimu, si chuo cha utabibu, na umri wangu haujafika miaka arobaini. Basi niyasemayo hapa uyapokee kama maneno ya mtu aliyekaa katika mabenchi ya hospitali na kuuliza maswali mengi kuliko ilivyopendeza.

Katika likizo ya Agosti, mwaka 2023, nilikwenda Makueni kumwamkia. Alinipokea kama kawaida yake, kwa mzaha na kikombe cha uji, lakini nilipomtazama kiunoni niliona kuwa ukanda wake ulikuwa na matundu matatu mapya yaliyotobolewa kwa msumari. Mtu wa miaka hamsini na minane hupungua, ni kweli, lakini si matundu matatu kwa mwaka mmoja. Alikuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo kutoka zahanati moja ambayo sitaitaja. Kwa mwaka mzima hakuna aliyemwambia alale chali ili aguswe tumbo. Nikumbukapo jambo hilo napandwa na hasira. Kisha naikumbuka foleni niliyoiona mlangoni mwa zahanati ile, na mhudumu mmoja mbele yake, hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Juma lilelile tulimpeleka kupimwa kwa mashine ya altrasaundi. Mashine hii hutuma ndani ya mwili sauti zisizosikika kwa sikio la binadamu, nazo hurudi kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Kwa mwangwi huo mtaalamu huchora picha. Katika picha ya mjomba palikuwa na duara lenye upana wa sentimita 6 ndani ya ini.

Tukaja Nairobi, katika hospitali moja kubwa, akapigwa picha ya CT. Katika mashine hiyo eksirei huuzunguka mwili, na kompyuta huonyesha vipande vyake kimoja kimoja, kama mkate uliokatwa bila kisu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii mjini London mwaka 1971, kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu za jambo hilo zilikuwa zimekwisha fikiriwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Wanafunzi wangu huniuliza hesabu zina faida gani. Siku hizi huwajibu kwa habari ya Cormack, nao hunyamaza kwa muda wa dakika tano hivi.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisema kuwa uvimbe ule ni saratani iliyoanza katika ini lenyewe, na kwamba damu ya mjomba ina virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda alikaa navyo tangu utoto. Kisha akauliza: "Mzee, katika ukoo wenu yuko aliyewahi kufa akiwa amevimba tumbo na macho ya manjano?"

Mjomba alitazama sakafu. Nami nilijua jibu, kwa kuwa hakuna mtoto wa ukoo wetu asiyelijua. Nyanya yangu, mama yake mjomba na mama, alikufa hivyo mwaka 1991, nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Lakini kwetu haikusemwa kuwa aliugua. Ilisemwa kuwa alirogwa, na mrogaji alitajwa jina: mama mmoja mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo. Tangu mwaka huo watu wa nyumba yetu hawakupeana salamu na watu wa nyumba yake. Nilikua nikifundishwa kuizunguka njia ya kwao.

"Yuko," alisema mjomba. "Mama yangu."

Daktari akaandika. Hakusema zaidi, na wala hakuwa na haja ya kusema.

Nitoke kidogo katika hadithi nikueleze mambo mawili, maana huenda yakakugusa wewe au wa nyumbani kwako. La kwanza ni virusi vyenyewe. Alama yake katika damu ilitambuliwa na Mmarekani Baruch Blumberg na wenzake katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 Blumberg alipata tuzo ya Nobel. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Na mtoto mchanga akivipata, mara nyingi hukaa navyo maisha yake yote. Chanjo ipo, na watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yumkini wewe unisomaye ulichanjwa ukiwa hujui hata kuketi. Mjomba na rika lake hawakupata bahati hiyo.

La pili ni sumukuvu, yaani sumu ya kuvu iotayo katika mahindi na karanga zilizowekwa zikiwa na unyevu. Ulimwengu uliijua sumu hii baada ya mwaka 1960, wakati bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula cha karanga zilizoharibika. Sisi wa Ukambani tuliijua kwa njia nyingine. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nakumbuka watu wa serikali wakija kuyakagua maghala, na nakumbuka mjomba akificha magunia mawili nyuma ya banda la mbuzi, kwa sababu mahindi yale yalikuwa meupe na mazuri machoni, na njaa ilikuwa imekaribia. Tuliyala. Hakuna aliyeugua siku ile. Lakini sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na ikikutana na virusi vya homa ya ini mwilini mwa mtu mmoja, hatari huzidi sana kuliko ya kila kimoja peke yake. Nilimwuliza daktari kama ni magunia yale. Alijibu kuwa hakuna chombo kiwezacho kuonyesha gunia katika picha ya CT.

Turudi kwa mgonjwa. Dawa ya kwanza tuliyoifikiria ilikuwa kisu. Daktari akatikisa kichwa: ini la mjomba lilikuwa limejaa makovu ya miaka mingi, na likikatwa kipande kikubwa, kitakachobaki hakitatosha kumlisha. Akatueleza njia nyingine, ya kuuunguza uvimbe mahali ulipo, bila kupasua tumbo, kwa sindano inayoongozwa na picha.

Wazo hili lina historia ndefu. Mwaka 1891 Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kuwa umeme wenye mitetemo ya haraka sana huweza kupita mwilini ukauacha mwili umepata joto bila kuishtua misuli. Mapema katika miaka ya 1980 madaktari wa Japani walianza kuua vivimbe vidogo vya ini kwa kuvidunga spiriti. Mwaka 1990 wataalamu wa Italia na Marekani, bila kushauriana, waliandika jinsi sindano yenye umeme wa mawimbi ya redio iwezavyo kupika nyama ya ini kutoka ndani. Baadaye yakaja maikrowevu, ambayo hutumia mawimbi ya namna ile ile ya jiko la maikrowevu, yenye mitetemo kama milioni 2,450 kwa sekunde. Mawimbi hayo huzitikisa molekuli za maji huku na huku, na mtikisiko huo ndio joto. Umekwisha kuona ute wa yai unavyogeuka mweupe katika kikaango. Hali kadhalika, nyama hai ikifika digrii 60 za Selsiasi, protini zake huganda kwa muda mfupi sana, wala haziganduki tena.

Basi kwa nini daktari alikunja uso alipoitazama picha ya mjomba? Kwa sababu ya ukubwa. Chukua daftari lako. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 3 lina ujazo wa sentimita za ujazo 14 hivi. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 6 lina 113. Kipenyo kimeongezeka mara mbili, lakini mzigo umeongezeka mara nane. Tena haitoshi kuunguza uvimbe tu. Yafaa kuunguza na ukingo wa nyama nzima unaouzunguka, hadi kama sentimita moja kila upande, kwa kuwa mbegu za saratani hujificha hapo zisionekane. Ongeza ukingo huo, kipenyo chako kitakuwa sentimita 8 na ujazo wako 268. Vivimbe visivyozidi sentimita 3 hushindwa kwa urahisi. Vikipita 5, moto wa sindano moja ni kama koroboi katika ukumbi wa shule.

Kuna adui mwingine, naye ni mto. Ini limejaa mishipa mikubwa ya damu, na damu ipitayo ina joto la mwili tu, digrii 37. Jaribu kuchemsha sufuria iliyosimama katikati ya maji yaendayo kasi, nawe utaelewa. Sehemu ya uvimbe iliyoegemea mshipa mkubwa hupozwa kila sekunde, na mbegu zake huweza kuponea hapo.

Kwa hiyo madaktari waliamua kuuziba mto kwanza. Hapa, msomaji, nataka usimame nami ustaajabu, maana nilistaajabu mwenyewe. Ini hupata damu kwa njia mbili: mshipa mnene utokao matumboni, unaoleta kiasi cha robo tatu ya damu yake, na ateri inayoleta iliyobaki. Ini zima hutegemea zaidi njia ya kwanza. Saratani hii hunywa karibu damu yake yote katika njia ya pili. Basi ukiiziba ateri iendayo kwenye uvimbe, uvimbe hufa njaa na ini huendelea kula. Mwezi wa Oktoba walipitisha mrija mwembamba kutoka kinenani mwa mjomba, wakaufuata kwa eksirei hadi ndani ya ini, wakamwaga hapo dawa ya saratani iliyochanganywa na mafuta yanayoonekana katika picha, kisha wakaziba. Alitapika siku mbili. Tuliuza ng'ombe dume wawili, na walimu wenzangu wakafanya mchango.

Moto wenyewe ulikuja baada ya majuma matano. Asubuhi hiyo muuguzi alituonyesha sindano, kwa kuwa mjomba alisisitiza. Aliigeuza kwa macho, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

"Mwanangu," akaniambia, "hii ni shazia! Nimeshona magunia kwayo maisha yangu yote. Leo wananishona mimi."

Sikuruhusiwa kuingia. Niliketi nje saa tatu kasoro, na yaliyotendeka ndani niliyasikia baadaye kutoka kwa daktari. Walimtia nusukaputi. Walizamisha sindano mbili pamoja, wakizitazama katika altrasaundi zikisogea milimita kwa milimita kati ya mbavu, na kila zilipofika mahali pagumu walimsimamisha pumzi, kwa kuwa ini hupanda na kushuka pamoja na mapafu na huwezi kulenga shabaha inayocheza. Utumbo mpana ulikuwa umegusana na ini karibu kabisa na uvimbe, na utumbo ukiungua hutoboka. Basi wakaingiza maji kati ya viwili hivyo, maji yakausukuma utumbo kando kama mtu asogezavyo pazia. (Watumiapo umeme wa mawimbi ya redio huweka maji yenye sukari badala ya chumvi. Kidato cha tatu waweza kunieleza sababu.) Waliunguza dakika kumi. Mvuke ukatoka katika nyama na kuifanya picha iwe wingu jeupe, hata wakashindwa kuona. Wakangoja, wakampitisha tena katika CT, wakazichomoa sindano na kuzidunga mahali pengine, moto wa pili ukipandana na wa kwanza, na wa tatu juu ya hiyo, kama vigae vya paa.

Alipozinduka alilalamika bega la kulia. Niliona ajabu. Daktari akasema kuwa kiwambo kilicho chini ya mapafu na bega hutumia njia moja ya neva, na kiwambo kikiudhika, bega ndilo hulia. Homa ilimkaa siku nne. Siku ya sita alirudi nyumbani na plasta mbili ubavuni zisizozidi upana wa kidole.

Msomaji, ningependa kukuambia kuwa habari iliishia hapo. Baada ya mwezi tulirudi kupiga picha, na daktari akatuonyesha. Sehemu iliyokufa haipokei dawa ya kung'arisha picha, hivyo huonekana kama shimo jeusi. Palikuwa na shimo kubwa jeusi pale palipokuwa na uvimbe. Lakini ukingoni mwake, upande ulioegemea mshipa mkubwa, palikuwa na mstari mng'avu uliopinda kama mwezi mwandamo. Mto ulikuwa umeokoa kitu.

Daktari alisema kuwa moto mwingine utahitajika, mwezi wa Februari. Alisema pia kuwa kila mtu wa nyumba yetu apimwe damu. Na hapa sina budi kuungama. Mimi, nifundishaye habari za virusi ubaoni, nilikaa majuma saba bila kwenda. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikajiambia. Lakini mitihani haikuwa sababu. Nilipokwenda hatimaye nilikutwa sina virusi wala kinga, nikachanjwa sindano tatu katika muda wa miezi sita. Mama yangu naye hakuwa navyo. Mtoto mkubwa wa mjomba alikuwa navyo. Sasa humeza kidonge kimoja kila siku na kupimwa ini kila miezi sita, na uvimbe ukijaribu kuota kwake utakutwa ungali mdogo kama kunde.

Siku ya matokeo hayo mjomba hakula chakula cha jioni. Kesho yake alfajiri aliniamsha.

"Mwalimu, vaa viatu," alisema. "Twende ng'ambo."

Tuliishuka njia ambayo sikuwahi kuikanyaga. Alipumzika mara mbili, mkono umeshika ubavu. Mjane yule alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Mwanawe, mzee wa umri wa mjomba, alikuwa akianika mahindi juu ya turubai. Alipotuona alisimama na ungo mkononi, wala hakutukaribisha.

Mjomba hakungoja kukaribishwa. "Mama yangu hakurogwa," alisema. "Alikuwa na ugonjwa wa ini. Ninao mimi, na mwanangu anao. Nimekuja kukuambia kabla sijadungwa tena."

Mwenye nyumba alikaa kimya kwa muda mrefu hata kuku wakaanza kupanda juu ya turubai, nami nikawafukuza, maana sikujua la kufanya jingine.

"Mama alikuwa akichota maji usiku," alisema mwishowe. "Miaka ishirini. Ili asikutane nanyi kisimani."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Hakusema kuwa hakujua, kwa kuwa alijua. Baada ya kitambo mzee yule aliuweka ungo chini, akainama, akachukua punje ya hindi akaiuma kwa meno kujaribu ukavu wake, akampa mjomba nyingine aijaribu. Mjomba aliuma. "Bado siku mbili za jua," alisema. Wakazungumza habari za mahindi. Tulipewa chai, tukanywa tumesimama, kwa kuwa viti havikutolewa.

Moto wa pili uliwashwa Februari 2024, mdogo kuliko wa kwanza. Picha ya Aprili ilikuwa nyeusi pote, na ya Julai. Mwaka jana palionekana doa jingine, mbali na la kwanza, upana wake sentimita moja na nusu, nalo likaunguzwa kwa sindano moja, akarudi nyumbani kesho yake. Daktari ametuambia wazi kuwa ini lenye makovu ni shamba lililokwisha kuliwa na magugu, na kwamba hataacha kumtazama kila miezi mitatu. Picha ijayo itapigwa shule zitakapofungwa. Mimi ndiye nitakayemleta, na mzee wa ng'ambo ameomba nafasi katika gari.